Safari ya Nyamagana: Ugenini katika Kumbukumbu za Wazee wa Kinyerezi

Wahenga walisema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Methali hii niliisikia mara tatu katika alasiri moja, nikiwa nimeketi barazani pamoja na wazee wa Kinyerezi, na mara zote tatu ilitajwa kuhusu kandanda. Mimi nilikuwa nimefika kuwauliza juu ya mechi. Wao walitaka kunieleza juu ya safari. Ilinichukua muda kutambua kuwa wao ndio waliolielewa swali langu vizuri zaidi kuliko mimi mwenyewe.

Kinyerezi ni kata ya Ilala, upande wa magharibi wa Dar es Salaam, ukishapita Tabata na Segerea. Siku hizi jina lake linafahamika zaidi kwa ajili ya mitambo ya kufua umeme kwa gesi asilia, iliyoanza kazi katika muongo wa 2010. Miaka hamsini iliyopita palikuwa mashamba, na mtu wa mjini aliyekwenda huko alisema anakwenda shamba. Wengi wa wazee niliozungumza nao hawakuzaliwa hapo. Walikulia Kariakoo, Ilala na Magomeni, wakahamia pembezoni nyumba za urithi zilipouzwa na maghorofa yakachukua nafasi ya vibanda vya udongo na mabati. Walihama na vitanda vyao, makabati yao na ushabiki wao. Kwa hiyo kumbukumbu ya kandanda inayosimuliwa Kinyerezi ni kumbukumbu ya Kariakoo iliyohamishwa makazi.

Na Kariakoo ndiko kwenye mizizi ya jambo hili. Yanga iliasisiwa mwaka 1935, na klabu ambayo leo ni Simba mwaka 1936. Klabu hiyo ya pili iliitwa Sunderland kwa muda mrefu, hadi ilipobadili jina mwaka 1971. Makao ya klabu zote mbili yapo karibu kiasi kwamba mtu huweza kutoka Jangwani hadi Mtaa wa Msimbazi kwa miguu bila kuchoka. Ujirani huo una maana kubwa katika historia yetu. Kwa mshabiki wa Kariakoo, hasimu hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa jirani, shemeji, pengine ndugu wa tumbo moja. Walipokutana uwanjani, wote walikuwa nyumbani. Ugenini lilikuwa neno la kwenye radio.

Ndiyo maana tarehe 10 Agosti 1974 inakumbukwa kwa namna ya pekee. Siku hiyo, Jumamosi, Simba na Yanga zilikutana Mwanza, katika uwanja wa Nyamagana, kuamua ubingwa wa taifa. Uwanja wa Kirumba ulikuwa haujajengwa bado. Adam Sabu aliipatia Simba bao mapema katika kipindi cha kwanza. Bao hilo lilidumu hadi dakika chache kabla ya mpira kwisha, pale Gibson Sembuli aliposawazisha. Katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili, Yanga ikatwaa ubingwa kwa mabao 2 kwa 1. Hayo yameandikwa, na hayana mgogoro. Wana Msimbazi hadi leo huyataja kwa sauti ya chini, kisha huharakisha kuikumbusha hadhira mwaka 1977, walipolipa kisasi kwa mabao 6 bila majibu.

Kilichokosa kuandikwa ni habari za waliokwenda. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya vijana wengi wa Kariakoo, mchezo wa watani wa jadi uliwataka watoke nyumbani kwao, waende mahali ambapo hakuna aliyekuwa mwenyeji kati yao. Umbali wa njia ya reli kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza unazidi kilometa 1,200. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ilifika Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza lilikamilishwa chini ya Waingereza mwaka 1928. Mwaka 1974 reli hiyo bado ilikuwa chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki, kwani Jumuiya ilikuwa haijavunjika. Abiria wa daraja la tatu alikaa juu ya benchi la mbao, au juu ya mzigo wake, au juu ya mzigo wa mwenzake, kwa muda wa siku mbili, usiku na mchana.

Mzee mmoja, mwana Yanga wa kindakindaki, alinisimulia safari hiyo kwa urefu wa saa nzima bila kufika Mwanza. Alianza na Morogoro, ambako milima ilimshangaza kwa kuwa hakuwa amewahi kuona ardhi iliyosimama. Akaja Dodoma, na baridi ya usiku iliyompata akiwa na shati jepesi la mjini. Akaja Saranda, na vyakula vilivyouzwa madirishani na akina mama waliokimbia sambamba na behewa. Akaja Tabora, na asali ndani ya chupa, na mabadiliko ya lafudhi ya Kiswahili. Alisema kuwa kabla ya hapo aliamini kwamba nchi hii ni Dar es Salaam pamoja na mashamba yake. Ndani ya behewa washabiki wa pande mbili walikaa mchanganyiko, wakala chakula kimoja na kutukanana kwa utani hadi usingizi ukawashinda. Nilipomuuliza juu ya mabao, aliniambia kwa unyenyekevu kwamba bao la Sembuli hakuliona. Mbele yake alisimama mtu mrefu. Aliwaona tu watu wakiruka, naye akaruka.

Pembeni yake alikuwapo mzee wa pili, mwana Simba, ambaye naye alisema alikwenda. Huyu alikuwa kinyume kabisa. Mabao yote matatu aliyajua kwa dakika, kwa mguu uliopiga na kwa upande wa goli. Alieleza namna mpira wa Manara ulivyopita, na mahali mlinda mlango alipokuwa amesimama. Lakini masimulizi yake hayakuwa na njia. Hakukuwa na stesheni, wala njaa, wala mahali pa kulala. Nilianza kushuku.

Hapa inafaa tutue kidogo, kwa sababu jambo hili linamhusu kila anayekusanya historia kwa mdomo. Katika miaka hiyo televisheni ilikuwapo Zanzibar tangu 1973, lakini Bara haikuanza hadi 1994. Aliyetaka kuujua mchezo wa mbali alikuwa na njia mbili: kwenda, au kusikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Watangazaji wa mpira walikuwa na kipaji cha kumfanya msikilizaji aone, na majina kama Ahmed Jongo, na baadaye Charles Hilary, yamebaki vinywani mwa watu kama majina ya wachezaji wenyewe. Mtangazaji alitaja dakika, mguu na upande wa goli. Hakutaja mtu mrefu aliyekuzibia, wala njaa ya Saranda. Hivyo basi, kanuni ya mtafiti huwa kinyume na matarajio yake: anayekumbuka mchezo wote kwa usahihi yamkini aliusikia radioni, na anayekumbuka kidogo tu aghalabu ndiye aliyekuwapo.

Miezi michache baada ya Nyamagana, Januari 1975, watani hao wakakutana tena ugenini, safari hii hapa kwetu Unguja, katika fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati. Uwanja wa Amaan ulikuwa na umri wa miaka mitano tu tangu ulipofunguliwa mwaka 1970. Yanga ilishinda tena, mabao 2 kwa 0. Wazee wa Kinyerezi waliovuka bahari kwa ajili ya mchezo huo wanakumbuka ukaguzi wa hati bandarini, kichefuchefu cha mkondo, na uzito wa kujiona mgeni katika mji unaozungumza lugha yako kwa ufasaha kuliko wewe. Mmoja alisema kwamba Mwanza aliwazidi wenyeji kwa Kiswahili, lakini Unguja alinyamaza. Sisi wa visiwani tuliozoea kusimulia fainali hiyo kama habari ya mji wetu, na ile ya 1992 ambapo Simba iliishinda Yanga kwa penalti papo hapo Amaan, ni vyema tukumbuke kuwa katika michezo hiyo sisi ndio tuliokuwa wenyeji wa ugeni wa watu.

Mwaka 1979 ulileta fundisho jingine. Simba ilifungwa na Mufulira Wanderers ya Zambia mabao 4 kwa 0 mjini Dar es Salaam, mbele ya watu wake. Ikaenda Lusaka, ikashinda 5 kwa 0, ikasonga mbele. Wachache mno walisafiri. Wengine wote waliusikia mchezo huo radioni, na wengi walikuwa wameapa kutosikiliza. Kwa wazee hawa, ushindi wa Lusaka ulibomoa imani kwamba nyumbani ni kinga na ugenini ni adhabu. Aliyeaibishwa kwake anaweza kuheshimika kwa watu.

Hata hivyo, masimulizi haya yana upande ambao wanaume hawakuutaja hadi bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mchele karibu nasi alipouingilia. Alisema kuwa Nyamagana yeye anaikumbuka vizuri sana, ingawa hajapata kufika Mwanza. Nauli ya mumewe ilipatikana kwa kuuza baiskeli, naye mke akaambiwa kuwa kuna msiba wa ndugu huko Bara ya ndani. Baiskeli hiyo ndiyo iliyokuwa ikibebea nazi zake za kuuza sokoni. Kwa miezi kadhaa baada ya ubingwa alizibeba kichwani. Mumewe, yule mwana Yanga aliyenipitisha stesheni moja moja, aliinamisha kichwa na hakutia neno. Nusu karne imepita na baiskeli ile bado inadaiwa. Yeyote atakayeandika hesabu ya safari za ugenini, na asisahau kuandika na waliozilipia.

Baadaye mambo yalibadilika. Ligi ya Muungano, iliyoanza mwaka 1982, ilifanya safari za kati ya Bara na visiwani ziwe za kila msimu, na timu kama KMKM na Malindi zikatwaa ubingwa wake. Klabu za mikoani, Coastal Union ya Tanga, Tukuyu Stars ya Mbeya, Pamba ya Mwanza na Majimaji ya Songea, zilitwaa mataji na kuwalazimu wana Kariakoo kujifunza ramani ya nchi kwa vumbi lake. Matawi ya washabiki yakaanza kukodi mabasi. Wanawake wakapanda, si kama wasindikizaji bali kama wanachama. Leo kijana wa Kinyerezi hupita njia ya Malamba Mawili hadi kituo cha mabasi cha Mbezi, naye hufika Mwanza kesho yake. Morogoro na Dodoma huenda kwa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na milima iliyomshangaza babu yake inampita akiwa anatazama simu.

Tarehe 25 Mei 2025 historia ilifanya mzaha wa aina yake. Simba, iliyokuwa imefungwa 2 kwa 0 na Berkane nchini Morocco katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ilipaswa kurudiana nao nyumbani. Uwanja wa Benjamin Mkapa haukukubaliwa, na mchezo ukaletwa Amaan. Washabiki wa Dar es Salaam wakavuka bahari kwenda nyumbani kwao. Matokeo yalikuwa sare ya 1 kwa 1, kombe likaenda Morocco. Wajukuu wawili wa baraza lile la Kinyerezi walikuwamo katika safari hiyo, na walichonieleza ni foleni ya bandarini, mawimbi, na urojo waliokula baada ya mchezo. Bao la Simba mmoja wao hakuliona vizuri. Nilifurahi kusikia hivyo.

Nimerejea mwisho kwa yule mzee wa pili, mwana Simba aliyeyajua mabao yote. Kabla ya kuaga nilimuuliza kwa adabu alilala wapi Mwanza. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema kwamba alipanda treni pasi na tiketi, na mkagua tiketi akamshusha Tabora. Hakuwa na fedha ya kwenda mbele wala ya kurudi nyuma. Mchezo aliusikiliza hapo hapo, nje ya duka lenye radio, katikati ya watu asiowajua, na Sembuli aliposawazisha hakuwapo hata mmoja wa kumpa pole. Alifanya kibarua cha kupakia magunia wiki mbili ndipo akapata nauli ya kurudi Kariakoo. Alipofika, wenzake walimpokea kama mtu aliyetoka Nyamagana, naye hakuwasahihisha. Rafiki yake aliyekuwa ameketi ubavuni pake kwa miaka yote hiyo alisikia habari hizo siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Nilitarajia acheke. Badala yake alimuuliza mwenzake kama ile asali ya Tabora alipata kuionja. Akajibiwa kuwa mwenye duka alimpa chupa nzima, bure, alipomwona analia. Katika daftari langu, chini ya orodha ya waliosafiri mwaka 1974, nimeliacha jina lake lilipokuwa.