Pentium M: Prosesa Iliyoshinda kwa Kupunguza Mbio

Mafundi wa Kakamega waliozoea vipakatalishi vya ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza, bado huitambua stika ile yenye mabawa mawili, moja la buluu na jingine la waridi, iliyobandikwa kando ya kibodi: Centrino. Wanunuzi wengi walidhani hilo ndilo jina la prosesa. Prosesa yenyewe iliitwa Pentium M. Stika ilimaanisha tu kwamba prosesa hiyo, chipu zinazoisaidia na kadi ya Wi-Fi, vyote vilikuwa vya Intel.

Pentium M ilizaliwa Haifa, Israeli, mikononi mwa wahandisi waliokuwa wametoka kunyang'anywa kazi: mwaka 2000 Intel iliufuta mradi wao wa Timna, prosesa ya bei nafuu. Makao makuu wakati huo yalikuwa yamelewa gigahezi. Pentium 4 iliuzwa kwa mbio zake, na ndani ya kipakatalishi ilikula umeme na kuchemka kupita kiasi. Watu wa Haifa wakaurudia muundo wa Pentium III, wenye asili yake katika Pentium Pro ya 1995. Waliuongezea kumbukumbu ya ndani hadi megabaiti 1 na kuufundisha kuzima sehemu zisizo na kazi. Machi 2003 Banias, kama walivyoiita wakiwa kazini, ikaingia sokoni. Ile ya gigahezi 1.6 ilikaribiana na Pentium 4 ya gigahezi 2.4 katika kazi nyingi, kwa umeme kidogo zaidi.

Mwaka 2004 ikafuata Dothan, yenye kumbukumbu ya ndani ya megabaiti 2. Mwaka huo huo Intel iliitupa Tejas, iliyokusudiwa kuirithi Pentium 4. Core Duo ya Januari 2006 na Core 2 iliyofuata ni uzao wa Haifa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo aibu tamu zaidi katika historia ya Intel: mtoto wa pembeni alirithi boma lote.

Kakamega nayo ilikuwa ikikua. Chuo kishiriki kilichoanzishwa hapa 2002 kilipandishwa hadhi 2007 kuwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na mwanafunzi asiye na pesa za mashine mpya alikimbilia ex-UK. Hapo ndipo penye kinaya. Sifa kuu ya Pentium M ilikuwa kudumu na chaji, lakini betri za mtumba huwa zimechoka kabla hazijafika. Stima ikipotea, na kazi yako inapotea. Tena uangalie usiuziwe Celeron M, ndugu yake wa bei rahisi, ambaye hawezi kupunguza mbio ili kuokoa umeme.

Pentium M haikuuawa na uchakavu. Windows 8 ya 2012 ilidai uwezo uitwao PAE, ambao Banias haikuuonyesha, ikaikataa. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Mfumo wa Debian uliendelea kuipokea hadi toleo la 12. Toleo la 13, la Agosti 2025, halina tena kisakinishi cha mashine za biti 32.

Kama unayo mashine kama hiyo kabatini, usimpe mtu wa vyuma vikuukuu kabla fundi hajakutolea diski. Mafaili yako yangali humo.