RISASI YA VITA SI RISASI YA MAWINDO

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni madini laini, mazito, yenye rangi ya kijivu. Na risasi ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Wahenga hawakukosea, kwani kwa karne nyingi vitu hivyo vilikuwa kimoja. Juma hili tutazame jinsi vilivyokuja kutengana, na kwa nini jambo hilo linamhusu hata mkazi wa Morogoro ambaye hajapata kushika bunduki.

Katika Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, wazee wetu waliahidiwa kwamba risasi za Mjerumani zingegeuka maji. Hazikugeuka. Hata vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa Mjerumani bado walibeba bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zenye baruti ya moshi na risasi nene isiyo na ganda. Risasi ya namna hiyo ikigonga mfupa hutanuka na kufanya jeraha kubwa.

Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia mjini Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma kupitia Uluguru kuelekea Kisaki. Katika mapigano yaliyofuata kusini ya milima hiyo, tarehe 4 Januari 1917, Kapteni Frederick Selous aliuawa kwa risasi huko Beho Beho. Pori maarufu la akiba lilipewa jina lake baadaye. Mwingereza huyu alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika kwa gobore lililofyatua goroli la risasi la robo ratili. Kwa hiyo bwana mkubwa huyo na mzee wa gobore wa Uluguru walianzia darasa moja.

Lakini dunia ilikuwa imekwisha kubadilika. Mwaka 1886 Wafaransa walileta bunduki ya baruti isiyo na moshi. Risasi ikaenda kasi mno, na madini yale laini yakawa yanakwanguka ndani ya mtutu. Ikabidi yavalishwe ganda gumu la shaba. Risasi hiyo mpya ilipenya na kupita moja kwa moja. Waingereza huko India, katika kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta, wakaacha ncha wazi ili itanuke. Mkutano wa The Hague wa mwaka 1899 ukapiga marufuku risasi za kutanuka vitani.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Askari akimjeruhi adui, adui huyo ametoka vitani. Mwindaji akimjeruhi mnyama, ndiyo kwanza taabu inaanza. Kwa hiyo kile kilichokatazwa kwa binadamu ndicho mwindaji wa paa na swala anachokihitaji: risasi itanukayo, iue upesi.

Nayo ikaleta tatizo lake. Ikigonga bega la mnyama mkubwa, ganda hubanduka, kiini husambaratika, na moyo haufikiwi. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikutwa na mkasa huo akiwinda huko Canada. Mwaka 1948 akaanza kuuza risasi yenye ukuta wa shaba katikati. Mafundi waliomfuata walikwenda mbele zaidi: wakakishikamanisha kiini na ganda kwa moto, kama fundi anavyolehemu sufuria. Risasi hiyo hutanuka bila kuachana na vazi lake.

Jinsi ya kuipima ni rahisi. Magazeti ya zamani huloweshwa maji, yakafungwa mafungu mazito, yakapigwa risasi kutoka umbali ule ule wa mawindoni. Kisha risasi hutafutwa ndani ya karatasi na kupimwa kwenye mizani. Iliyoingia na gramu 12 ikatoka na 10 imeshikamana vema; iliyotoka na 6 imeacha nusu yake njiani. Magazeti, hata hivyo, hayana mifupa, kwa hiyo jibu lake ni la kulinganisha tu.

Na si kila mnyama anaidai. Swala pala wa kilo 60 huangushwa na risasi ya kawaida, bora mpigaji awe na shabaha. Pofu dume, anayeweza kupita kilo 700, ndiye anayeihitaji. Kwa fuvu la tembo, wawindaji hutumia risasi ngumu isiyotanuka kabisa.

Sasa turudi nyumbani. Gobore lililoshindiliwa vipande vya nondo halina kipimo. Bunduki ya kivita mikononi mwa jangili hutoboa mnyama na kumwacha akimbie. Katika uwindaji wa kitalii, mnyama akitoka damu huhesabiwa ameuawa, na hulipiwa. Jangili halipi. Deni lake hulipwa na mama aliyekwenda kuokota kuni akakutana na nyati mwenye jeraha lililooza.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974, na ya 2009 iliyoifuta, zimetaka mwindaji awe na kibali. Hilo ni jema. Lakini kibali hakimwangushi nyati. Anayempa mtu ruhusa ya kuua, na amwulize pia: unakwenda kuua kwa nini?