Nyimba za Rwenzururu na Suala la Ufufuo: Kasese na Bwera katika Mizani ya Opera ya Mantua

Historia ya Rwenzururu imeandikwa zaidi kwa kutegemea nyaraka: barua za Isaya Mukirane, taarifa ya Tume ya Sembeguya ya mwaka 1962, na maamuzi ya serikali zilizofuata. Nyimba zimepewa nafasi ndogo, ingawa kwa Wakonzo wengi wa milimani wimbo ulikuwa habari, kumbukumbu na hoja ya kisiasa kwa pamoja.

Katika miaka ya 1950 Mukirane, mwalimu wa shule, aliongoza chama cha kutafiti maisha na historia ya Wakonzo, ambacho Bwera ilikuwa ngome yake. Kumbukumbu ya Tibamwenda, Nyamutswa na Kapolya, walionyongwa mwaka 1921, ilikuwa bado hai. Wajumbe wa Wakonzo na Waamba walipotoka katika Rukurato, baraza la Toro, mwaka 1962, utafiti ule uligeuka kuwa uasi. Nyimba za harakati hizo zilichambuliwa na Peter Cooke na Martin Doornbos katika jarida la Africa mwaka 1982, mwaka uleule ambao Charles Wesley Mumbere, mwana wa Mukirane, alishuka mlimani na kuweka silaha chini.

Wanaozungumzia ufufuo wa sanaa hupenda mfano wa opera. L'Orfeo ya Claudio Monteverdi iliimbwa Mantua, Italia, mwaka 1607, ikapigwa chapa Venice mwaka 1609, kisha ikanyamaza kwa karne nyingi mpaka Vincent d'Indy alipoiimbisha Paris mwaka 1904. Iliokolewa na karatasi. Endara ya Wakonzo haina karatasi: ni mbao zilizolazwa juu ya vigogo vya migomba na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Filimbi za eluma ni dhaifu zaidi kwa hoja hii, kwani kila filimbi hutoa sauti moja tu, na wimbo hupatikana pale tu wapigaji wanapokutana. Mmoja akiondoka bila kurithisha zamu yake, wimbo umetoboka.

Kutambuliwa kwa ufalme mwaka 2009 kuliipa sanaa hiyo jukwaa. Hata hivyo, ala hufufuka kwa urahisi kuliko maneno. Tangu shambulio la kasri la Kasese la Novemba 2016, lililoua watu zaidi ya mia moja, wimbo wa malalamiko hauwezi kuwekwa jukwaani kama pambo la utalii. Wala kurejea kwa Mumbere mwaka 2023 hakukulifuta jambo hilo. Sera inayofadhili ngoma na kuyanyamazia mashairi yake inahifadhi nusu ya ushahidi.

Mpaka nao una lake. Serena Facci ameonyesha jinsi ngoma zinavyovuka kati ya Wakonzo na Wanande wa Kongo. Kwa hiyo orodha ya urithi inayoishia Mpondwe inawaacha nje mafundi wa Kasindi na kwingineko.

Nakala za rekodi alizofanya Klaus Wachsmann nchini Uganda kati ya 1949 na 1954 zimo Makerere. Kazi inayofaa kuanza nayo si tamasha. Ni kuzipeleka rekodi za Wakonzo Bwera, zisikilizwe na wazee wanaoijua lugha ya nyimba hizo, maneno yaandikwe kwa Kikonzo, na wenyeji waamue yapi yaimbwe hadharani na yapi yasubiri.