Uzee si ugonjwa: wazee wetu wanakufa kwa maradhi gani?

Mzee akifariki, tangazo la msiba husema "baada ya kuugua kwa muda mrefu", na waombolezaji humalizia wenyewe: uzee tu. Msikilizaji, uzee hauui. Kuna ugonjwa ulioua, na magonjwa hayo yamebadilika.

Zamani watu wazima nchini waliuawa zaidi na maambukizi: malaria, kifua kikuu, nimonia, kuhara. Kisha ukaja UKIMWI, na Njombe tuliumia kuliko wengi. Utafiti wa kitaifa wa 2011-12 ulikuta karibu watu 15 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 mkoani kwetu wana virusi, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Wazee walizika watoto wao wakabaki kulea wajukuu. Mwaka 2004 serikali ilianza mpango wa kutoa ARV bure. Aliyezianza wakati huo akiwa na miaka 40 sasa amevuka 60, na presha inamngoja kama wenzake.

Tunajuaje, wakati wengi hufia nyumbani? Kuanzia 1992, Wizara ya Afya na watafiti wa Uingereza walifuatilia vifo Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Wahojaji waliwauliza wafiwa: alilegea upande mmoja? Alikohoa muda gani? Madaktari wakasoma majibu na kukadiria chanzo cha kifo. Jibu liliwashtua wengi: hata kwa watu wa chini ya miaka 65, kiharusi kiliua Watanzania kwa kiwango kikubwa kuliko Waingereza, vijijini pia. Kumbe si ugonjwa wa matajiri wa mjini.

Chanzo chake kikubwa ni presha, nayo haiumi. Utafiti wa kitaifa wa 2012 uliikuta kwa takriban mtu 1 kati ya 4 wa miaka 25 hadi 64. Wengine hupewa dawa, wakijisikia nafuu wanaziacha. Hapo ndipo tunapowapoteza.

Na baridi ya huku kwetu ina lake: moshi wa kuni ndani ya nyumba iliyofungwa huharibu mapafu na moyo pia.

Mzee akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea au maneno yakamgomea, hicho ni kiharusi, hajatupiwa kitu. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na msimnyweshe chochote njiani, kwani anaweza kupaliwa.