Bati linapoota

"Bati limeota," husema mwenye nyumba Bujonde, Kyela. Limeota nini? Kitenzi hiki kina mambo. Mbegu huota, mtu huota ndoto, mzee huota moto, mjusi huota jua.

Katika tambarare hii ya mpunga, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mvua ni nyingi na miembe huegemea mapaa. Majani yakidondoka, bati hushika unyevu, nalo likageuka kijani. Ndipo maana mbili zinapokutana: bati lisiloota jua huota kuvumwani.

Jina hilo nalo lina siri. Ni kuvu na mwani, na ndivyo kilivyo kiumbe chenyewe: viwili vinavyoishi kama kimoja. Kutu ni jambo jingine. Hiyo ni chuma chenyewe kinacholika.

Dawa? Kata matawi, bati liote jua. Sugua kwa brashi laini na maji ya sabuni. Brashi ya waya hukwangua zinki inayokinga chuma, na hapo utaotesha kutu. Kama unakinga maji ya mvua, ondoa kwanza bomba la tangi.