Je, mcheza gemu naye afuate Mkataba wa Geneva?

Test zimeisha, pumzi imerudi, sasa tuongee.

Wiki iliyopita kulizuka ubishi hosteli. Jamaa mmoja alikuwa anacheza gemu la vita kwenye laptopu, sisi watano tumemzunguka kama tunaangalia fainali. Akampiga adui, adui akaanguka, bunduki ikamtoka mkononi, akaanza kutambaa. Jamaa akamfuata taratibu, akammalizia. Mwenzetu anayesoma Sheria akasema, "Kaka, huyo alishatoka vitani. Kwa hilo ungepelekwa Arusha." Kicheko! Mwenye laptopu akajibu, "Mwanangu, hawa ni katuni, hawana mama." Ubishi ukawaka mpaka saa saba usiku, na kama kawaida sisi watu wa Elimu tukaonekana hatuna la kuchangia. Basi naweka hapa yale niliyotaka kusema nikawa nakatizwa kila nikifungua mdomo.

Kwanza, mjue hili swali si la vijana wa hosteli tu. Mwishoni mwa 2011, kwenye mkutano wa 31 wa Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu kule Geneva, watu wazima na suti zao walikaa wakalijadili. Magazeti yakalidaka na kulikuza, eti wachezaji milioni 600 duniani huenda ni wahalifu wa kivita! Ikabidi Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ijieleze: hakuna anayetaka kumshitaki mtu kwa kubonyeza vitufe. Walichotaka ni kwamba gemu linalojigamba kuwa linaonyesha vita kama vilivyo lionyeshe na sheria zake pia, anayezivunja aadhibiwe mle mle ndani, anayezitii azawadiwe. Gemu la mazimwi na wachawi halikuwahusu.

Kisheria naona jibu ni fupi. Mikataba minne ya Geneva ya 1949 inawalinda watu: majeruhi, mateka, raia. Pasipo mtu hakuna kosa. Hata bao letu ni vita ukilitazama vizuri, unateka kete za mwenzio na kumwacha hoi, na hakuna mzee aliyewahi kusomewa mashitaka kwa kula kete. Yule bwana wa Sheria alitaja pia kesi ya waandishi wa habari wa Rwanda iliyohukumiwa Arusha Desemba 2003, kuonyesha kwamba hata redio inaweza kuua. Hapo sikubaliani naye kabisa. RTLM iliwataja watu wa kweli na kuwahimiza watu wa kweli wawaue. Gemu halifanyi hivyo.

Lakini mimi ni mtu wa Historia, na kwa upande wa Historia jibu si fupi hivyo. Hizi sheria zenyewe ziliandikwa na watu ambao hawakutuhesabu. Mwaka 1899 mataifa yalikutana The Hague kupunguza ukali wa vita. Wakapiga marufuku risasi zinazopanuka mwilini, zile za dum-dum. Mwingereza akakataa kutia sahihi mpaka 1907, na hoja ya mjumbe wake ilikuwa kwamba risasi ya kawaida haimsimamishi "mshenzi" anayekuja mbio na mkuki. Na hata kwa waliokubali, makubaliano yale yalibana vita vya wao kwa wao tu. Vita na asiyetia sahihi havikuhesabika. Matumbi walitia sahihi wapi? Wangoni je?

Miaka sita baadaye, Julai 1905, Maji Maji ikaanza. Mjerumani, mmoja wa waliotia sahihi The Hague, alipoona bunduki hazimalizi kazi akageukia chakula. Chini ya Gavana von Götzen, vijiji, mashamba na maghala yalichomwa kusini mwote, na njaa ikafanya yaliyobaki. Wakoloni wenyewe walitaja watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alifikisha kati ya 250,000 na 300,000. Rais wa Ujerumani alikuja Songea kuomba msamaha Novemba 2023, miaka 118 baada ya vita kuanza.

Sasa rudi kwenye magemu uone nani hahesabiwi. Battlefield 1 ilitoka 2016, ni ya Vita Kuu ya Kwanza, na haina ramani hata moja ya Afrika Mashariki. Mwanza hii ilitekwa na Waingereza Julai 1916, lakini mle haimo. Wapagazi, ambao jina lao la Carrier Corps limetuachia Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi, walikufa zaidi ya 95,000 kwa hesabu ya Waingereza wenyewe. Nao hawamo. Tukiingizwa, basi tunaingizwa kama Wasomali kwenye Delta Force: Black Hawk Down ya 2003, gemu ambalo mapigano yake yalitengenezwa upya 2025. Unapigana Mogadishu, Oktoba 1993. Wamarekani 18 walikufa kwenye pigano lile la kweli, na majina yao yanajulikana mmoja mmoja. Wasomali walikufa mamia, wakiwemo wanawake na watoto, na mpaka leo tunabishana walikuwa mamia mangapi.

Na miezi mitatu kabla yake kuna jambo ambalo wapenzi wa gemu hilo wengi hawalijui. Tarehe 12 Julai 1993 helikopta za Marekani zilirusha makombora kwenye nyumba walimokuwa wamekaa wazee wa koo wakifanya kikao. Umoja wa Mataifa ulitaja maiti 20, Msalaba Mwekundu ukataja 54. Umati wenye hasira ukawageukia waandishi waliofika kupiga picha, ukawaua wanne: Hansi Krauss Mjerumani, Dan Eldon kijana aliyekulia Nairobi, na Wakenya wawili, Hos Maina na Anthony Macharia. Wale wazee hawakustahili, na wale waandishi hawakustahili. Ukiijua Julai, huwezi kuicheza Oktoba ukidhani watu wale walitoka tu majumbani wakiwa na hasira zisizo na chanzo.

Sasa tuje nyumbani, maana ni rahisi mno kuwasema Wamarekani.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Novemba mosi akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto ni la Uganda. Raia waliuawa, wanawake wakabakwa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, daraja la Kyaka likalipuliwa. Hayo tunafundishwa tangu shule ya msingi. Kinachofuata hakifundishwi sana. Januari 1979 jeshi letu liliiteka Mutukula, na waandishi Tony Avirgan na Martha Honey, waliofuatana na vita hivyo na kuandika kitabu kilichotoka 1982, wanaeleza kwamba askari waliubomoa mji ule kwa matingatinga, kulipiza ya Kyaka, na kwamba raia nao waliuawa, wakiwemo wazee ambao hawakuweza kukimbia. Habari zilipomfikia Mwalimu alishtuka, akaamuru raia na mali zao wasiguswe tena.

Nimelisoma hilo mara tatu. Mwalimu alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Nchi nzima ilikuwa imekasirika, na mpaka leo tunaimba kuhusu vita vile kwa fahari, kwa haki kabisa. Askari wale walikuwa wamepita Kyaka na kuona kilichofanyika pale. Sheria ya vita hailetwi kwa mtu aliyetulia. Inamfikia mtu aliyetoka kumzika ndugu yake, ikamwambia yule mzee wa ng'ambo ya mpaka si wewe wa kumuua. Ndiyo maana ni ngumu, na ndiyo maana magemu mengi yanaikwepa. Si kwamba watengenezaji ni wabaya. Ni kwamba kumwonyesha mchezaji mzee asiyeweza kukimbia kunaharibu utamu.

Lakini haishindikani, wapo waliojaribu. Bohemia Interactive, kampuni ya Kicheki, ilitoa nyongeza ya gemu lake la Arma 3 Septemba 2017 ikaiita Laws of War. Mle unacheza kama mtu wa shirika la misaada anayetegua mabomu kwenye kijiji baada ya vita, na unajionea kila upande ulifanya nini pale. Watu walinunua, na nusu ya mapato ya mwaka ule, dola zaidi ya 176,000, ikapelekwa Msalaba Mwekundu. Aprili 2023 Msalaba Mwekundu nao wakaingia Fortnite na kanuni nne: usimpige aliyeanguka, usiwalenge wasiokushambulia, usilipue majengo ya raia, na dawa ulizonazo mtibu yeyote anayehitaji, awe wako au adui. Kanuni ya kwanza ndiyo ile ile iliyotukesha hosteli, teh teh!

Na kuna sehemu moja ambapo Geneva tayari inagusa magemu, wengi hamjui. Ule msalaba mwekundu kwenye boksi la dawa si urembo wa bure, ni alama inayolindwa na mikataba. Januari 2017 watengenezaji wa Prison Architect waliandikiwa barua na Msalaba Mwekundu wa Uingereza kwa kuichora kwenye gari la wagonjwa lenye ukubwa wa punje. Wakabadilisha rangi ikawa kijani. Wengi walicheka, mimi niliona ni sawa kabisa. Alama ile ikizoeleka kuwa pambo, siku moja mtu ataitazama kwenye gari la kweli asione kitu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Gemu la kubuni, cheza upendavyo. Gemu linalochukua mji wa kweli, mwaka wa kweli na maiti za kweli likatuuzia, hilo lina deni kwa waliokufa pale, na nusu ya deni ni kuwaonyesha kwamba walikuwepo.

Nikienda kufundisha kwa vitendo nataka nilijaribu hili na Kidato cha Tatu, maana wanafunzi wale wanalijua gemu kuliko wanavyoijua Mutukula. Nitaanza na Saanane. Kile kisiwa mnachokiona kutoka Capri Point, tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, zamani kilikuwa bustani ya wanyama. Mwishoni mwa Machi 1979 Gaddafi, rafiki wa Amin, alituma ndege kubwa ya mabomu aina ya Tu-22 kupiga bohari ya mafuta hapa Mwanza. Rubani alikosa. Makombora yakaangukia Saanane, yakamjeruhi kidogo mtu mmoja na kuua wanyama kadhaa. Nitawauliza: bohari ya mafuta ilikuwa halali kupigwa? Na kama angekosa upande wa pili, wa mjini?

Mwenye mzazi au babu anayeikumbuka siku ile, hasa watu wa Mwanza mjini na Bukoba, tafadhali aniambie alikuwa wapi na alisikia nini. Natafuta hizo simulizi kabla sijapangiwa shule.