Kipenu cha Uani: Historia Fupi ya Chumba cha Kazi Nyumbani

Walimu wenzetu wengi hapa Uganda, wakishajaaliwa kumaliza nyumba ndogo ya kuishi, hawakawii kufikiria kuongeza chumba kimoja nyuma. Humo wanataka kuweka karo ya kufulia nguo, mashine ya kufulia kwa aliyenayo, meza ya kupigia pasi, mifagio, ndoo na magunia ya unga na maharagwe. Je, chumba hicho chaitwaje kwa Kiswahili? Mmoja atasema stoo, wa pili atasema chumba cha kufulia, na wa tatu atasema chumba cha huduma, jina lenye harufu ya ofisi. Sisi twaamini kwamba jina lake limo katika lugha yetu tangu zamani, na kwamba historia ya jina hilo yaweza kumfaa mwenye kuchora ramani kuliko anavyodhani.

Tuanze na neno ua, ambalo wingi wake ni nyua. Neno hili lina maana mbili zilizoshikamana: uzio wenyewe, na mahali palipozungukwa na uzio. Tukilitia kiambishi -ni twapata uani, yaani nyuma ya nyumba, mahali pa kupikia, kufulia, kutwangia na kuogea. Kutoka hapo maana ikapiga hatua nyingine: mtu mwenye adabu akitaka kwenda chooni husema anakwenda uani. Lugha imefanya kama ifanyavyo nyumba. Jambo lisilotakiwa kuonekana na mgeni limepelekwa nyuma. Mbele pana baraza, ambapo kahawa hunywewa na mashauri hukatwa. Nyuma pana ua, ambapo kahawa hiyo huchemshwa na vikombe vyake huoshwa. Mwanafunzi anayefundishwa baraza asifundishwe uani ameijua nusu tu ya nyumba ya Waswahili.

Mgawanyo huu wa mbele na nyuma ni wa kale. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, zimeonekana nyumba za mawe zenye vyumba vya kukaa, vyoo na vyumba vya kuwekea mali. Baadhi ya ghala hizo hazikuwa na mlango: mtu aliingia kwa kupanda na kupitia tundu lililokuwa juu ukutani. Mjenzi aliyefanya hivyo hakubahatisha. Alijiuliza kwanza ni kitu gani kitakachowekwa humo, na nani atakayeruhusiwa kukifikia, kisha ndipo akainua ukuta.

Lamu nako tunaona maarifa ya namna hiyo. Mgeni alipokelewa katika daka, nje kabisa, na kadiri mtu alivyosogea ndani ndivyo alivyokaribia siri ya wenye nyumba. Chooni palikuwa na birika la maji lililojengwa kwa chokaa, na ndani yake walitiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Jiko, katika nyumba nyingi za ghorofa, liliwekwa juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi uchukuliwe na upepo na joto lisiwasumbue waliokaa chini. Ni mpango wa busara. Lakini yatupasa tuulize pia: maji ya kupikia yalipandaje ngazi zile? Yalipanda kichwani mwa mtu, na katika nyumba za matajiri mtu huyo mara nyingi alikuwa mtumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Jiko la juu lilimpendeza bwana kwa sababu si yeye aliyezihesabu ngazi.

Kiswahili kiliposafiri kwenda bara, nyumba yake ilisafiri pamoja nacho. Nyumba ambayo wataalamu wa ujenzi huiita nyumba ya Kiswahili ina ujia katikati, vyumba kila upande, mara nyingi vitatu vitatu, na ua nyuma wenye jiko, bafu, choo na pengine stoo. Shirika la Nyumba la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1962, lilijenga nyumba za jinsi hiyo Magomeni, Dar es Salaam. Ujia huo unaotoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma hupitisha upepo, na kuzifanya familia kadhaa, kila moja na chumba chake, zitumie ua mmoja. Huko uani wanawake walifua, walipika, walisukana nywele, walilea watoto na walipeana habari. Kazi ilikuwa ngumu, lakini hakuna aliyeifanya katika upweke.

Tusidhani kwamba kuificha kazi ni desturi ya pwani peke yake. Huko Uingereza, katika karne ya 19, nyumba yenye uwezo ilikuwa na chumba kidogo nyuma ya jiko, chenye sakafu ya mawe, ambamo vyombo vilioshwa na mboga kusafishwa. Mara nyingi humo ndimo ilimokuwa sufuria kubwa ya shaba iliyojengewa matofali, ya kuchemshia nguo. Msichana aliyefanya kazi humo ndiye aliyekuwa wa chini kabisa miongoni mwa watumishi wa nyumba. Kilikuwa chumba cha baridi na unyevu, kwa kuwa waliokichora si waliokesha humo.

Mabadiliko yalikuja pale mwenye nyumba alipoanza kufanya kazi kwa mikono yake mwenyewe. Huko Marekani, Catharine Beecher na ndugu yake Harriet Beecher Stowe walitoa mwaka 1869 kitabu juu ya nyumba ya mwanamke wa nchi yao. Walitoa mfano wa jiko la meli, ambamo mpishi huwalisha watu wengi akiwa na kila kitu karibu na mkono wake, wakauliza kwa nini jiko la nyumbani lisifanywe vivyo hivyo. Kufikia mwaka 1912 Christine Frederick alikuwa akiandika magazetini juu ya kuhesabu hatua na dakika za kazi za nyumbani, kama viwanda vilivyokuwa vikipima kazi za mafundi wao.

Hesabu hiyo ilifikia kilele mjini Frankfurt, Ujerumani. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke msanifu aliyezaliwa Vienna mwaka 1897, alichora jiko la upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Nafaka ziliwekwa katika visanduku vya alumini vyenye mikono, na meza ya kukatia ilikaa mbele ya dirisha. Majiko yapatayo 10,000 ya namna hiyo yalijengwa katika nyumba za wafanyakazi wa mji ule. Msanifu mwenyewe alisema baadaye kwamba kabla ya kulichora jiko hilo hakuwahi kupika. Alijifunza kwa kuwatazama na kuwapima wanaofanya kazi. Alifariki mwaka 2000, siku chache kabla ya kutimiza miaka 103.

Wako wasomaji watakaosema kwamba Frankfurt ni mbali mno na vilima vyetu. Si mbali sana. Mkuu wa ujenzi wa nyumba zile alikuwa Ernst May, ambaye katika miaka ya 1930 alihamia Tanganyika, akalima karibu na Arusha, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi. Ndiye aliyetengeneza mpango wa kuupanua mji wa Kampala katika vilima vya Kololo na Naguru, na ripoti yake ilitoka mwaka 1947. Mpango ule ulitenga makazi kwa rangi za watu, kama ilivyokuwa desturi ya utawala wa kikoloni. Mtu yule yule aliyesimamia nyumba zilizompunguzia mfanyakazi wa Frankfurt hatua zake, huku kwetu alichora mji uliomwambia mtu mahali pa kukaa kwa kutazama ngozi yake. Kipimo chaweza kuwa sahihi na bado kikatumikia dhuluma.

Jiko la Frankfurt nalo lilikuwa na upungufu wake. Mtu mmoja alifanya kazi humo kwa wepesi, lakini wawili waligongana. Mama alijikuta peke yake ndani ya kuta nne, na watoto nje ya mlango. Hapa ndipo ua wetu unapoweza kuifundisha Ulaya neno moja. Frankfurt ilihesabu hatua ikasahau ujirani. Ua uliulinda ujirani ukasahau hatua. Mwenye kuongeza chumba leo ana nafasi ya kuviunganisha viwili hivi.

Tuchukue mfano wa kipenu, yaani kijumba kilichoegemezwa ubavuni au nyuma ya nyumba, chenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2 kwa ndani. Jambo la kwanza ni maji. Ukuta mrefu wa kipenu na uwe ule ule unaopakana na bafu au jiko, ili bomba na mfereji wa maji machafu viwe vifupi, na sakafu iinamie tundu la kutolea maji. La pili ni safari ya nguo. Kutoka mlango wa jikoni, kando ya ukuta huo, lije kapu la nguo chafu, sentimita 60. Kisha karo, sentimita 60. Kisha mashine au mahali pake, sentimita 60. Na mwisho meza ya kukunjia na kupigia pasi, sentimita 120. Jumla ni mita 3 kamili. Mlango wa kutokea uani uwe mwisho huo wa meza, karibu na kamba ya kuanikia, ili nguo zikikauka zirudi mezani bila kupita tena penye maji.

La tatu ni nafasi ya mwili. Mashine na karo zikichukua sentimita 60 za upana, na rafu za ukuta wa pili zikichukua 35, katikati husalia sentimita 105, na watu wawili waweza kupishana. Kina cha karo kisimlazimishe mfuaji kuinama, na kimo chake kipimwe kwa kiwiko cha atakayefua. La nne ni usalama. Soketi ya pasi iwe upande wa meza, mbali na karo. Jiko au pasi ya makaa isiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana hewa yake huua bila harufu. La tano ni dirisha: lielekee uani, mbele ya meza, ili anayepiga pasi aone watoto, aitikie hodi ya jirani na apate upepo.

Kwa upande wa lugha, twapendekeza kwamba chumba hiki kiitwe kipenu cha uani, au kwa ufupi chumba cha uani, kwa kuwa jina hilo lataja mahali, kazi na historia kwa pamoja. Mwalimu aweza kulitumia darasani: awaagize wanafunzi wachore nyumba zao, waandike jina la kila sehemu, kisha waandike jina la mtu afanyaye kazi katika kila sehemu. Majibu ya safu ile ya pili yatazaa mjadala mrefu kuliko yale ya kwanza.

Tangu ghala za Gede hadi majiko ya Frankfurt, chumba cha kazi kimefuata daima mawazo ya aliyeshika kalamu ya ramani. Basi kabla fundi hajaitwa, na kabla tofali la kwanza halijalazwa, kalamu hiyo na akabidhiwe kwanza yule atakayesimama kwenye karo.